Shahidi Anayerudi: Juu ya Neno la Msafiri na Haki ya Wenyeji wa Njia

Mtu anayesafiri, kisha akawasimulia wengine aliyoyaona na kuwaongezea mawaidha kuhusu njia ya kufuata na njia ya kuepuka, hufanya mambo mawili ambayo kwa kawaida hayatenganishwi ingawa kila moja lina kipimo chake. La kwanza ni ushuhuda, yaani kueleza jambo ambalo msikilizaji hakuliona, kwa madai kwamba msemaji alilishuhudia mwenyewe. La pili ni ushauri, yaani kumwelekeza mwenziwe atende au asitende kwa kuutegemea ushuhuda huo. Ushuhuda waweza kuwa wa kweli tupu na ushauri uliojengwa juu yake ukawa dhuluma, na kinyume chake mtu aliyeona kidogo, tena vibaya, aweza kwa bahati kumwelekeza mwenzake panapofaa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ni la kimaadili kabla halijawa la kifasihi: msafiri anayetoa ushauri anawajibika kwa nani, na ni kitu gani hasa kinachoyapa maneno yake haki ya kuaminiwa? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba haki hiyo haitokani na kuona kwa macho peke yake, wala na unyofu wa moyo peke yake, bali hutokana na utayari wa msemaji kusimama na kujibu mbele ya watu ambao habari zao amezisimulia, na kwamba hakuna dalili ya utayari huo iliyo wazi kuliko kuirudia njia ile ile.

Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu mgawanyo wa majimbo wa mwaka 2015, ni mahali panapofaa kulitafakari jambo hili, kwa sababu mji huu unaishi kwa njia zake. Kaskazini hupanda barabara ya taifa nambari 27 kuelekea Mahagi na Aru. Mashariki huteremka njia ya Kasenyi hadi Ziwa Albert. Kusini-magharibi iko njia ya Komanda, ambako msafiri hukutana na barabara nambari 4 na kuchagua kati ya Mambasa, Epulu na Kisangani upande mmoja, na Beni na Kasindi upande wa pili. Samaki wa ziwani, mafuta na saruji kutoka Uganda, na watu wanaokwenda Mongbwalu kwa ajili ya dhahabu, wote hupita katika njia ambazo hali yake ya leo haijulikani mpaka afike aliyepita leo. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, ambavyo makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema viliua watu zaidi ya 50,000, mapigano yaliyozuka upya Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, na utawala wa kijeshi uliotangazwa Ituri na Kivu Kaskazini mwezi Mei 2021, vimelifanya neno la mtu aliyetoka njiani kuwa na uzito ambao msomaji wa miji yenye amani hawezi kuukadiria kwa urahisi. Mahali kama hapo, kumwamini msafiri au kutomwamini ni uamuzi unaogusa uhai.

Katika falsafa ya Ulaya swali la ushuhuda lilijadiliwa kwa bidii katika karne ya 18, tena mara nyingi kwa mifano ya safari. David Hume, katika kitabu chake kuhusu akili ya binadamu kilichotoka mwaka 1748, alishikilia kwamba neno la shahidi halina nguvu yake lenyewe, bali huipata kutokana na mazoea ya msikilizaji, aliyekwisha kuona mara nyingi kwamba mashahidi wa namna hiyo husema kweli. Kwa hiyo habari inayopingana na mazoea hayo yote inastahili kutiliwa shaka, na Hume alimwona kuwa na hoja nzuri yule mwanamfalme wa India aliyekataa kuamini habari za maji yanayoganda kwa baridi. Thomas Reid, Mskoti mwenzake, alijibu mwaka 1764 kwamba mwanadamu ameumbwa na mielekeo miwili inayoitana, mmoja wa kusema kweli na mwingine wa kuamini anachoambiwa, kwa kuwa mtoto huamini kabla hajajua kupima, na kama angengoja kupima asingejifunza hata lugha. Maisha ya barabarani yanaelekea kumpa haki Reid, maana abiria aliyepanga kwenda Komanda hana muda wa kuhesabu ni mara ngapi madereva wamesema kweli kuhusu madaraja. Hata hivyo Reid haelezi kwa nini abiria huyo huyo anamwamini dereva anayemfahamu na kusita mbele ya mgeni mwenye gari zuri zaidi na ramani bora zaidi, na kusita huko si ushamba, kuna sababu ndani yake.

Wanafikra wa Kiislamu walikuwa wamelifikia swali hilo mapema zaidi na kwa undani. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliporudi Fez na kusimulia aliyoyaona India, watu wa jumba la mfalme walinong'onezana kwamba anadanganya. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, anaeleza kwamba naye alikuwa na shaka hizo, mpaka waziri mmoja, Faris bin Wadrar, alipomwonya kwa kisa cha kijana aliyekulia gerezani pamoja na babake: kijana hakuwa amemwona mnyama mwingine isipokuwa panya, na kila alipoelezwa juu ya kondoo alidhani ni aina ya panya. Funzo alilolitoa Ibn Khaldun si kwamba kila msafiri aaminiwe, bali kwamba msikilizaji atenganishe jambo lisilowezekana kwa asili yake na jambo ambalo yeye tu hajalizoea. Ufafanuzi huo ni mzuri sana, lakini kama ule wa Hume na Reid unabaki upande mmoja, kwa kuwa wote wanamwangalia msemaji na msikilizaji, na hakuna anayeuliza hali ya yule wa tatu, mtu wa India au wa Kilwa ambaye habari zake zinatolewa mahali ambapo yeye hayupo kuzisahihisha.

Maandiko ya dini, kinyume na inavyotarajiwa, yamemtazama huyo wa tatu zaidi kuliko wanafalsafa walivyomtazama. Aya ya 6 ya sura ya Al-Hujurat inawaamuru waumini waichunguze habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, na sababu inayotolewa si kwamba msikilizaji asije akadanganyika, bali kwamba asije akawadhuru watu kwa kutojua kisha akajuta. Vivyo hivyo ile amri katika Amri Kumi inayokataza ushahidi wa uongo inamtaja jirani ambaye ushahidi unatolewa dhidi yake, wala haimtaji hakimu anayeusikiliza. Katika mapokeo yote mawili kosa la mtoa habari linapimwa kwa mwili na heshima ya mtu aliyesemwa. Mtazamo huu ukitumiwa kuyapima maandishi ya safari, unageuza utaratibu mzima wa hukumu: haitoshi kuuliza kama msomaji alinufaika, maana msomaji aliyenufaika na kufurahi aweza kuwa amelipiwa gharama na watu asiowajua.

Ituri ina mfano mkubwa wa gharama hiyo. Henry Morton Stanley aliondoka Zanzibar Februari 1887 akiongoza msafara wa kumwokoa Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Alikuwa na watu zaidi ya 600 walioandikishwa Zanzibar, na katika meli ile ile alisafiri Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip. Walizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Kongo, wakapanda hadi Yambuya, na mwishoni mwa Juni kikosi cha mbele kikaingia katika msitu wa Ituri, kikatoka upande wa pili mwezi Desemba baada ya njaa na magonjwa kuua wengi. Kilima ambacho waliona kwanza nyanda za majani wakiwa juu yake, nyanda zile zile ambazo baadaye zilikuja kubeba mji wa Bunia, Stanley alikiita Pisga, kwa jina la mlima ambao juu yake Musa aliiona nchi ya ahadi. Jina hilo lilikuwa tayari ni ushauri, kwa kuwa anayeiita nchi ya watu nchi ya ahadi amekwisha kusema imeahidiwa nani, na wenyeji wake hawamo katika ahadi hiyo.

Kitabu cha Stanley kilichotoka mwaka 1890 kiliipa Afrika sifa ya giza kuu, na sifa hiyo haijatoka mpaka leo katika maandishi ya wageni kuhusu Kongo. Wasomaji wa Ulaya walisoma humo jinsi njaa ilivyowasumbua wasafiri; habari za njaa ya vijiji ambavyo mashamba yake ya ndizi na mahindi yalivunwa kwa nguvu ya bunduki zilikuwamo pia, ila ziliandikwa kama sehemu ya ugumu wa safari. Wenzake nao waliandika: Jephson mwaka 1890, daktari Parke mwaka 1891, na kuhusu kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya na kuangamia kwa sehemu kubwa, ndugu ya Barttelot na mjane wa Jameson walichapisha barua na shajara za marehemu wao, Troup na Ward wakatoa vitabu vyao. Ghafla safari moja ikawa na visa vingi vinavyogongana, na magazeti ya London yakajaa ubishi juu ya nani mkatili na nani mzembe. Ubishi huo ulikuwa na faida, kwa kuwa kila neno la Stanley lilikutana na mtu mwenye uwezo wa kulijibu. Lakini waliojibizana walikuwa maofisa na jamaa zao. Wapagazi wa Zanzibar, ambao walikufa kwa mamia, hawakuulizwa, na Wambuti, watu wa msituni, na wakulima wa mto Ituri, ambao njia ilipita katika mashamba yao, hawakufikiriwa kamwe kuwa ni mashahidi. Hata Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili yakachapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na ambaye alilalamika humo kwamba Stanley hakutimiza ahadi za safari yao ya awali, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na watu wa misitu hiyo wasingeweza kumkubali awe msemaji wao.

Ndani ya kisa hicho hicho kuna sehemu moja isiyotiliwa maanani vya kutosha. Desemba 1887, alipotoka msituni kwa mara ya kwanza, Stanley alipigana na watu wa mtemi Mazamboni na kuchoma vijiji vyao, kwa kuwa haja yake ilikuwa kufika ziwani, na watu wa njiani walikuwa kizuizi tu. Aliporudi Aprili 1888 alijua kwamba atalazimika kuipita nchi hiyo tena na tena, na safari hiyo ilianza kwa mazungumzo na ikaishia kwa udugu wa damu, yaani kiapo cha kuchanjiana ambacho kwacho wageni hufanywa ndugu. Haitakuwa haki kudai kwamba Stanley aligeuka mtu mwingine katika miezi minne. Kilichobadilika ni hesabu ya njia: mtu anayepita mara moja aweza kuwafanya wenyeji kuwa mandhari, lakini anayejua kwamba atarudi analazimika kuwahesabu kuwa watu wenye kumbukumbu.

Pamoja na hayo, kosa la msafiri litenganishwe na uongo wake. Samuel Baker, mzungu wa kwanza kulifikia Ziwa Albert, alisimama kwenye ukingo wake wa mashariki mwezi Machi 1864, akaona ukungu upande wa kusini na kuandika kwamba ziwa linaendelea mbali mno kuelekea huko, jambo ambalo Romolo Gessi alilithibitisha kuwa si kweli alipolizunguka mwaka 1876. Baker hakudanganya, alijaza kwa matumaini sehemu ambayo macho yake hayakufika, na aliyekuja baada yake alilisahihisha kwa kuzunguka kwa mashua. Wavuvi waliokuwa wakivuka ziwa hilo kwa mitumbwi walijua mwisho wake muda wote huo. Jambo linalofanana na hilo lilitokea kwa okapi. Wambuti walimtaja kwa Stanley mnyama wa msituni mfano wa punda, naye akaliandika neno lao kama jambo dogo. Harry Johnston, mjumbe maalumu wa Uingereza nchini Uganda, alisikia zaidi mwaka 1900 kutoka kwa Wambuti ambao walikuwa wametekwa na mtu aliyekusudia kuwapeleka Ulaya wakaonyeshwe kwa watazamaji, na ambao yeye aliwarudisha kwao. Wataalamu wa London walipopata vipande vya ngozi peke yake walidhani ni punda milia. Ni mpaka mwaka 1901, ngozi nzima na mafuvu yalipotumwa na ofisa Mswidi, Karl Eriksson, kutoka kituo cha Mbeni, ndipo ilipokubaliwa kwamba ni jamaa ya twiga. Mnyama huyo leo ana hifadhi yake yenye makao Epulu, iliyoundwa mwaka 1992, na jina lake la kisayansi linabeba jina la Johnston. Watu walioishi naye, walioutoa ushuhuda huo wakiwa wamenyang'anywa uhuru wao, hawakuhesabiwa kuwa wamegundua chochote.

Katika Biblia, sura ya 13 ya kitabu cha Hesabu ina kisa ambacho wanafunzi wa theolojia wa Bunia, wawe wa Chuo Kikuu cha Shalom au wa shule za Biblia za makanisa, wanakijua vizuri, nacho kinafaa kusomwa kama uchambuzi wa ushauri wa wasafiri. Musa anatuma wapelelezi 12 kuikagua Kanaani. Wote wanakwenda njia moja kwa siku 40, wote wanaona zabibu zile zile, miji ile ile yenye maboma na watu wale wale warefu. Na wanaporudi, 10 wanashauri watu wasiende, wawili, Kalebu na Yoshua, wanashauri waende. Mahubiri mengi husema kwamba 10 walikosa imani, na hiyo ni kweli katika mantiki ya kisa. Lakini kwa macho ya falsafa kosa lao linaonekana mahali pengine. Habari zao za maboma hazikuwa za uongo. Walipovuka mpaka ni pale walipoeleza kwamba walijiona wadogo kama panzi na kwamba ndivyo walivyoonekana machoni pa wale majitu, ingawa kisa hakionyeshi kwamba walizungumza nao hata mara moja. Hofu iliyokuwa ndani ya mashahidi ilihamishiwa katika vichwa vya watu wa nchi, ikarudishwa kambini kama jambo lililoonwa. Na haki haikamiliki bila kuongeza kwamba hata Kalebu na Yoshua, waliosifiwa, hawakuwauliza Wakanaani lolote. Ushauri wao mzuri ulikuwa mzuri kwa wasikilizaji tu.

Ushauri wa safari unaotolewa siku hizi na wizara za mambo ya nje za nchi tajiri unaangukia katika uchambuzi huo huo. Kwa miaka mingi serikali za Ufaransa na Uingereza zimekuwa zikiwashauri raia wao wasifike Ituri kabisa, na kwenye ramani ya wizara ya Ufaransa sehemu hizo hutiwa rangi nyekundu. Mtu mwaminifu hawezi kusema kwamba ushauri huo ni wa uongo, wakati vikundi vyenye silaha vimeua raia vijijini na makambini mwaka baada ya mwaka. Serikali ina wajibu kwa raia zake na inautimiza. Hata hivyo rangi moja juu ya jimbo lenye ukubwa wa nchi ndogo ya Ulaya inasema zaidi ya ilivyoonwa, na inasema kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Haitofautishi soko la Bunia mchana na njia ya msituni usiku, na kwa kuwa bima za safari kwa kawaida hufuata ushauri huo, matokeo yake humfikia mwalimu wa chuo aliyekuwa akimngoja mtafiti mwenzake kutoka nje, na fundi wa hospitali aliyekuwa akingoja mtaalamu wa mashine. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone walijua kwamba kuzuiwa kwa mgeni ni hasara ya mwenyeji pia. Ushauri wa haki ungetaja hatari yote bila kuipunguza, na ungetaja pia mipaka ya kile mtoa ushauri anachokijua.

Kusini mwa Bunia, Boga, liko kaburi la msafiri wa namna nyingine. Apolo Kivebulaya, Muganda, alitumwa huko na kanisa la Anglikana mwaka 1896, wakati mahali hapo pakiitwa Mboga, akiwa mgeni kwa lugha na kwa kabila. Hakupokewa vizuri, alipigwa, nyumba yake iliharibiwa, na ndugu wa kike wa mtemi Tabaro alipofariki kwa ajali, Apolo alishtakiwa kwamba ndiye aliyemuua, akafungwa. Alipoachiliwa alirudi kwa watu wale wale, na baada ya miaka ya utumishi Toro, Uganda, alirudi tena, akaingia msituni kuhubiri kwa Wambuti, na alipofariki mwaka 1933 alizikwa Boga. Msomaji asiye Mkristo aweza kuuliza, na kwa haki, kama mtu aliyekuja akiwataka wenyeji waache ibada za wazee wao anafaa kuwa kielelezo cha heshima kwa wenyeji. Jibu ni kwamba kurudi hakumtakasi msafiri na makosa yote; kunamweka tu mahali ambapo makosa yake yanaweza kuambiwa usoni pake. Tabaro, aliyekuwa amempinga, aliweza kumjibu Apolo kwa miaka mingi, na mwishowe alibatizwa kwa hiari yake. Mazamboni alipata nafasi ya kumjibu Stanley kwa muda mfupi tu, na wanavijiji wa mto Ituri hawakuipata kabisa.

Kwa mizani hiyo, dereva wa lori wa Bunia na wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, ni mashahidi wa daraja la juu kuliko waandishi wengi wanaowazidi kwa elimu. Dereva anayesema njia ya Komanda inapitika atapita yeye mwenyewe kesho, na akiwa amekosea atakuwa wa kwanza kulipa. Akimsingizia mtu wa kijiji fulani kuwa mnyang'anyi, atasimama tena katika kijiji hicho kununua ndizi. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, mawaidha yaliyoletwa na wageni waliokuja na magari na kuondoka kabla ya usiku yalishukiwa hata yalipokuwa sahihi kabisa kitabibu, na shaka hiyo iligharimu maisha ya wagonjwa na ya wahudumu wao. Haifai kuisifu shaka iliyoua. Inafaa kuielewa: watu walikuwa wakiuliza, kwa njia ya kukataa, swali la uwajibikaji ambalo hakuna aliyewajibu.

Lakini kuna hali ambayo wajibu wa kusema kweli unakutana na wajibu mkubwa kuliko huo. Mwanzoni mwa Septemba 2021 msafara wa magari uliokuwa ukisindikizwa na jeshi ulishambuliwa kati ya Komanda na Beni, magari yakachomwa na watu wakatekwa. Katika nchi kama hiyo, saa ya kuondoka na idadi ya magari ni habari zinazoweza kuua, na anayezitangaza kwa nia njema hajui ni masikio gani yanayosikiliza. Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hairuhusiwi kusema uongo hata kwa muuaji anayeuliza mtu amejificha wapi, na wengi wameona fundisho hilo kuwa gumu kupita kiasi. Barabara za Ituri zinaonyesha kwamba kwa kawaida mtu halazimiki kuchagua kati ya uongo na usaliti, kwa sababu katikati yake kuna kunyamaza, na msafiri mwaminifu hudaiwa ukweli katika yale anayoyasema bila kudaiwa kusema yote anayoyajua. Mwandishi anayechapisha mahali wanapojificha wakimbizi, au njia ya vichochoro inayotumiwa na wanawake wa soko kukwepa vizuizi, aweza kuwa amesema kweli kila neno na bado akawa amewatia watu hao mikononi mwa adui.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja hii halitoki kwa Kant bali kwa historia ya Ituri yenyewe. Anayerudi ana masilahi: mfanyabiashara aweza kuficha hatari ili bidhaa zake zisikose wanunuzi, au kuitia chumvi ili wapinzani wake waogope. Zaidi ya hapo, tangu mapigano kati ya wapiganaji wa Kihema na wa Kilendu yaligawe jimbo, kumekuwa na vipindi ambavyo njia moja haikuwa njia moja. Mhema aliweza kupita salama mahali ambapo jirani yake Mlendu asingethubutu, na Mlendu naye alikuwa na njia zake ambazo Mhema hakuzikanyaga. Mbira, Mualuru au Mnande alikuwa na hesabu yake tofauti na ya wote wawili. Kila mmoja wao, akirudi mara 100 katika njia aliyofunguliwa yeye, atasema kweli akisema njia ni salama, na ukweli huo ukimfikia asiyehusika nao utampeleka kwenye kifo chake. Kwa hiyo kurudi kunampa shahidi haki ya kusikilizwa, lakini hakumpi haki ya kusema kwa niaba ya wasafiri wote, na ushauri usiotaja njia ilikuwa wazi kwa nani umepungukiwa na sehemu yake muhimu kuliko zote.

Hapa elimu ya hadithi za Mtume ina chombo kinachofaa kuazimwa hata na wasio Waislamu. Wanazuoni wake waliita mutawatir ile habari inayofika kwa njia nyingi zinazojitegemea, kutoka kwa watu wengi kiasi kwamba haiyumkiniki wawe wamekubaliana kudanganya, na wakaitenganisha na habari ya ahad, ile isiyofikia wingi huo, ambayo huweza kukubaliwa ila kwa kumchunguza kila aliyeipokeza. Abiria wa Bunia anayemuuliza dereva wa jamii yake, kisha akamtafuta wa jamii nyingine aliyefika siku ile ile, kisha akamuuliza mama muuza samaki aliyepanda kutoka Kasenyi, anafanya kwa haraka na kwa mahitaji kazi ambayo wanazuoni waliifanya kwa karne. Wanapokubaliana watu wasio na sababu ya kukubaliana, neno lao lina nguvu ambayo hakuna mwandishi mmoja wa safari, hata awe mwadilifu namna gani, anayeweza kuifikia peke yake. Wanapotofautiana, wasikilizaji wengi huharakisha kumtafuta mwongo kati yao, ilhali mara nyingi hakuna aliyedanganya: mmoja ameeleza njia aliyopitishwa na mwingine njia aliyozuiwa, na abiria anayezichukua habari zote mbili pamoja anajua sasa kwamba mbele yake kuna mahali ambapo baadhi ya watu husimamishwa na wengine huachwa wapite, jambo ambalo hakuna yeyote kati ya wale wawili aliyekuwa na uwezo wa kulieleza.